Jinsi Nilivyomshinda Taratibu kwa Kusikiliza

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu amecheka. Dukani kwangu, mchana kweupe, na si mimi niliyemchekesha!

Niandike kwa mpango kabla hasira haijapoa. Mimi ni kinyozi. Saluni ni yangu, redio ni yangu, hata paka anayelala mlangoni ni wangu. Kuna viti viwili. Kilicho karibu na dirisha ni changu. Cha pili nilimpa kinyozi mwenzangu ambaye wateja wamembandika jina la Taratibu, kwa sababu hana haraka na lolote. Ananyoa kama mtu anayemenya yai. Nilijua watamkimbia. Kumbe foleni yake sasa inafika mlangoni, na kitini kwangu wanakaa wenye haraka na wenye vipara.

Hayo nilishayameza. La leo halimezeki. Mama Kidoti, mke wangu, alikuja na chakula cha mchana kama kawaida. Nilikuwa namchonga mteja ndevu. Badala ya kunisubiri kwenye benchi, akaenda akakaa kwenye kiti cha Taratibu! Vioo vyetu vinatazamana, kwa hiyo nikiwa kitini kwangu naona yote ya kitini kwake. Nikaona mdomo wa mke wangu unakwenda. Nikamwona Taratibu amesimama na kitana mkononi, hanyoi, hafagii, anamtazama tu. Mashine inanguruma, sipati hata neno. Halafu mke wangu akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Nikazima mashine haraka. Wakawa wamemaliza.

Jioni nikamuuliza walikuwa wanaongea nini. Akasema ni lile jambo aliloniambia juzi. Nikasema ndiyo, ndiyo, lile. Lipi? Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwa nini jambo letu linapelekwa kwa Taratibu. Akafikiri kidogo, akasema ni kwa sababu Taratibu anasikiliza.

Anasikiliza! Kazi gani hiyo? Mimi nina masikio makubwa kuliko yake, mtu yeyote akitaka apime.

Nimeapa. Nitamsikiliza huyu mwanamke mpaka ajute.

Jumatano, 5 Juni

Bahati imeniangukia. Redioni kuna mtaalamu wa mawasiliano kati ya watu, kila asubuhi, baada ya habari. Ana sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Leo amesema jambo la kwanza ni kumtazama machoni yule unayezungumza naye. Akaanza kusema, "Lakini mpenzi msikilizaji," nikazima. Nimeelewa. Sina haja ya lakini.

Taratibu akauliza kwa nini nimezima. Nikamwambia redio inamaliza umeme.

Wakati wa chakula cha jioni nikamkazia Mama Kidoti macho. Sikula, nilitazama tu. Akauliza kama nina homa. Kidoti, binti yetu, akachukua sahani yake akahamia sebuleni, akasema hawezi kula mbele ya mtu wa namna hii. Sekondari inawaharibu hawa watoto.

Nikagundua kasoro. Kazi yangu imenizoesha kuyaona macho ya watu kwenye kioo, mimi nikiwa nyuma yao. Ana kwa ana yananichanganya. Basi nikamketisha Mama Kidoti mbele ya kioo cha kabati chumbani, nikasimama nyuma yake, nikamwekea mikono mabegani, nikamwambia aseme. Akauliza kama nataka kumnyoa. Nikasema hapana, nataka kumsikiliza. Akajiweka vizuri. Kisha akaanza.

Akaongea sana! Sikupepesa macho hata kidogo. Watu wanadhani ni rahisi. Macho yaliwaka moto, kioo kikawa ukungu, machozi yakaanza kunishuka. Mama Kidoti akaniona. Akageuka akanishika mkono, akasema kumbe jambo hili limenigusa hivyo, hakujua. Nikasema limenigusa kabisa.

Jambo lenyewe lina chuo ndani yake. Lina ususi, lina dada yake wa mjini, lina miezi mitatu. Nadhani binti wa dada yake anataka kusoma ususi. Mtoto mzuri yule, acha asome.

Taratibu hajawahi kulia kwa ajili ya mke wangu. Moja kwangu, bila kwake.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya ushindi asubuhi na aibu mchana.

Mtaalamu kasema unapomsikiliza mtu, tikisa kichwa juu na chini kuonyesha kwamba mko pamoja. Akasema, "Ila kuwa mwangalifu, kwa sababu," nikazima. Taratibu akaguna kidogo. Aende akanunue redio yake.

Nikarudi nyumbani mbio kunywa chai, nikakuta Mama Kidoti bado mezani. Nikamwambia aendelee pale alipoishia jana. Akasema, nikatikisa. Akauliza, nikatikisa. Akataja Jumatano ijayo, nikatikisa. Akataja mama yake, hapo nilisita, halafu nikatikisa. Sikuyashika maneno yote kwa sababu nilikuwa natafuta mwendo mzuri wa kichwa. Haraka sana unaonekana mjusi, polepole sana unaonekana unasinzia.

Alipomaliza alinikumbatia. Jikoni, na mlango uko wazi! Akasema hakutegemea ningekubali kirahisi hivi, alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Nikatikisa kichwa mara ya mwisho, kwa upole, kama baba wa taifa zima.

Nimekubali nini? Nilijiuliza njiani. Labda mtoto wa dada aje likizo kwetu. Ningeweza kurudi kuuliza, lakini hapo ndipo ubaya ulipo. Nikiuliza, atajua sikusikia. Akijua sikusikia, Taratibu kashinda. Bora nisijue.

Mchana alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Mteja wangu wa miaka mingi, ana mkutano na wazazi kesho. Akaanza kunisimulia habari za wazazi wakorofi. Mimi nimekwishazoea, nikatikisa kichwa. Sasa, kinyozi akitikisa kichwa, bega linafuata, na bega likifuata, mkono haubaki nyuma. Mashine ilipita kutoka sikioni hadi utosini. Njia nyeupe, imenyooka, ungeweza kuendesha baiskeli humo.

Mwalimu mkuu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alijitazama kwenye kioo, akaniuliza nina umri gani.

Taratibu akaja na kiti chake kidogo, akasema, "Samahani mwalimu, tuione." Akamsikiliza anataka aonekane vipi mbele ya wazazi. Akapunguza huku, akalaza kule, mwishowe mwalimu mkuu akatoka anapendeza kuliko alivyoingia! Akamshika Taratibu mkono. Mimi akanipa kisogo, na kisogo chenyewe kimechongwa vizuri mno.

Sijala.

Jumamosi, 8 Juni

Sasa nimeona kwa macho yangu. Si hisia tena.

Jumamosi saluni hujaa. Mama Kidoti akaja kabla ya saa ya chakula na mkoba ambao sijawahi kuuona. Akaenda moja kwa moja kwa Taratibu. "Karibu shemeji," Taratibu akasema. Shemeji! Nani kampa ushemeji? Ndugu yangu wa wapi huyu?

Nikawa nanyoa huku nikichungulia kiooni. Wakaongea. Halafu Taratibu akamshika mke wangu kifundo cha mkono! Akaugeuza mkono wake polepole, kama anavyofanya kila kitu, na mke wangu akautazama huo mkono na kutabasamu. Nilihisi joto kutoka kwenye kola hadi masikioni. Mteja wangu akasema mashine imezimika muda mrefu.

Nikajikaza. Nikabuni mpango papo hapo. Wanachofanya ni kuongea, basi niwaondolee kuongea. Nikaenda kwenye redio nikapandisha sauti mpaka chupa za spiriti zikatetemeka rafuni. Wateja wakaziba masikio. Paka akahama.

Matokeo? Mama Kidoti akasogeza kichwa karibu na cha Taratibu ili asikie. Taratibu akainama mpaka mdomo wake ukawa sikioni kwa mke wangu! Na sikuweza kuizima redio, maana mzee mmoja kwenye benchi alikuwa amekwishaanza kucheza.

Jumapili, 9 Juni

Saluni imefungwa. Nimetumia somo la jana asubuhi, ambalo nililisikia kabla ya fujo. Mtaalamu alisema rudia yale uliyoambiwa, ili mwenzako ajue yamefika. Alikuwa anataka kuongeza jambo kuhusu maneno yako mwenyewe. Nikazima.

Mama Kidoti akasema amechoka. Nikasema umechoka. Akasema ndiyo, ana mambo mengi ya kupanga. Nikasema una mambo mengi ya kupanga. Akasimama, akauliza, "Unanikejeli?"

"Nakukejeli," nikasema.

Amehamia chumba cha mbele na pasi yake na nguo zake. Kidoti akapita, akaniambia, "Baba, jaribu kuwa mtu wa kawaida, hata kwa leo tu."

Alasiri alikuja mama mkwe. Huyu mama hajawahi kunisifia tangu siku ya posa, ambapo alisema nina miguu mirefu. Leo alikaa karibu yangu kwenye kochi, akanishika goti, akaniambia kwamba nina moyo mkubwa. Wanaume wengi wasingekubali, akasema. Baba mkwe, Mungu amrehemu, asingekubali. Nikamwambia mimi si kama wanaume wengine. Akasema ameona. Akapangusa jicho.

Nimekubali nini jamani!

Nilimtazama Mama Kidoti akikunja nguo. Anakunja polepole, anazipanga kwenye sanduku, na sanduku ni la safari. Nguo za nani? Zake. Nilitaka kusema, "Mke wangu, unakwenda wapi?" Neno lilifika kooni. Halafu nikamwona akitabasamu peke yake, nikakumbuka kile kifundo cha mkono, nikalimeza neno. Nilisema tu kwamba pasi ikiachwa ikiwaka inaunguza shuka.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefanya upelelezi, na ninayajua yote.

Mpango ulikuwa hivi. Nilimwambia Taratibu kwamba ndevu zake zimeharibika, akae nimtengeneze kindugu kabla wateja hawajaja. Akakaa. Nikamlaza kitini, nikamfunika uso kwa taulo la moto ili alainike, na nikaanza kumhoji. Nikamuuliza ana nini na mke wangu. Nikamuuliza kwa nini alimshika mkono. Nikamuuliza anajiona nani. Nikamuuliza kama anadhani mimi ni kipofu. Kila swali nililifuatisha na jingine, asipate nafasi ya kutunga uongo. Yeye alikuwa anatoa miguno tu chini ya taulo.

Nilipochoka nikaliondoa taulo. Uso wake mwekundu, macho yake yale yale ya upole. Akasema, "Kaka, ulitaka nijibu lipi kwanza?"

Nikasema la mkono.

Akajibu kwamba alikuwa anamfundisha kushika mkasi. Shemeji anakwenda chuoni kusomea ususi na unyozi, kozi ya miezi mitatu, atakaa kwa dada yake, anaondoka Jumatano. Hataki kufika huko hajui hata kushika kitana. Alicheka siku ile kwa sababu alikuwa anasimulia jinsi anavyoogopa jibu langu. Akasema mwenyewe nilikubali, tena nililia. Mtaa mzima unajua.

Akaongeza kwamba kwanza shemeji alitaka nimfundishe mimi. Aliniomba mara kadhaa. Kila akianza, mimi nilikuwa namalizia sentensi yake kwa kitu kingine.

Nikasimama na wembe mkononi. Mke wangu anaondoka keshokutwa. Miezi mitatu. Nani ataleta chakula cha mchana? Hapana, si chakula. Nani atakaa kwenye benchi lile akipunga mguu, akisoma magazeti ya mwaka jana kwa sauti? Moyo uliniuma kweli, naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Halafu nikafikiri. Taratibu alijua. Mama mkwe alijua. Mtaa ulijua. Mimi mwenye mke nimeambiwa na mtu mwenye taulo shingoni! Wivu ukanipanda tena, na moyo ukaacha kuuma.

Ndevu zake nimezitengeneza upande mmoja umepanda juu. Akashukuru. Hata hilo linaudhi.

Jumanne, 11 Juni

Mtaalamu kasema: sema unavyohisi. Usimlaumu mwenzako, anza na neno "ninahisi." Akasema, "Na ukishasema, muhimu kuliko yote," nikazima. Muhimu kuliko yote nimeshalisikia. Nina hisia nyingi, sina muda wa kusikiliza zaidi.

Baadaye Taratibu akajipendekeza kunieleza mwisho wa kipindi. Ana redio ndogo mfukoni sasa. Nikamwambia asinichanganye.

Nimeshinda siku nzima nikitunga hotuba ya kumwambia Mama Kidoti kesho kituoni. Inaanza ninahisi, inaendelea ninahisi, na inamaliza ninahisi. Nikamsomea mteja mmoja chini ya taulo la moto. Alipotoka alisema hawezi kusema lolote. Imemgusa.

Jioni Mama Kidoti alikuja kukaa karibu nami barazani. Akasema kesho kuna safari. Akasema ana jambo moja dogo anataka kuniuliza kabla hajaondoka. Nikamwambia asiseme kitu, yote kesho, nimemwandalia. Sikutaka hotuba ipoe. Akasema haya. Tukakaa. Mkono wake ulikuwa karibu na wangu kwenye mkeka, na ningeweza kuushika, lakini nilikuwa nakariri.

Jumatano, 12 Juni

Kituo cha mabasi. Tulikuwepo mimi, Kidoti, mama mkwe na sanduku. Na Taratibu! Amekuja na zawadi, mkasi wake wa zamani ndani ya kitambaa. Mimi nilileta hotuba.

Nikaanza mara tu sanduku lilipopakiwa. "Mke wangu, ninahisi," nikasema. Nikamweleza ninavyohisi kuhusu vioo, kuhusu kicheko cha Jumanne, kuhusu ushemeji usio na mizizi. Mama Kidoti akasema, "Baba Kidoti, lile swali langu." Nikainua mkono, sijamaliza. Nikamweleza ninavyohisi kuhusu redio kubwa na redio ndogo. Kondakta akaita abiria. Akasema tena, "Swali moja tu." Nikamwambia ninahisi ananikatiza. Nilikuwa nimefika kwenye mwalimu mkuu.

Sehemu nzuri ilikuwa mwisho kabisa. Niliandika hivi: ninahisi nyumba itakuwa kubwa mno. Niliiweka mwisho ili ipige moyoni. Basi likaondoka nikiwa kwenye utangulizi wake. Nilikimbia kando ya dirisha nikisema, lakini injini ya basi haina adabu. Mama Kidoti alinipungia mkono, akawa anatazama nyuma mpaka wakakata kona.

Mama mkwe akauliza ile hotuba ilikuwa inahusu nini. Kidoti akasema ilikuwa inamhusu Taratibu.

Nyumbani nimepika mayai. Nimeweka sahani tatu, nikarudisha moja kabatini kabla Kidoti hajaona. Ameona.

Ijumaa, 14 Juni

Mama Kidoti amepiga simu!

Nilikuwa saluni, hakuna mteja. Nikatoka nje, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nimsikilize kama inavyotakiwa. Safari hii nilijiwekea sharti moja, kwamba sitamkatiza hata atokee simba barabarani.

Akasema amefika salama, chuo ni kizuri, wana viti vya kupandisha kwa mguu. Kisha akasema sasa anisikilize vizuri, hapana, nimsikilize vizuri, maana swali lake la kituoni ni hili. Chuo kimempa nafasi ya kozi ndefu, ya mwaka mzima. Leo ndio mwisho wa kujibu. Anaweza kuichukua, au akarudi baada ya miezi mitatu kama tulivyopanga. Hajali sana ipi. Anachotaka ni kusikia kutoka kwangu, kwa mdomo wangu, kama ningependa arudi mapema. Neno moja tu, akasema.

Swali zuri! Limepangika. Ningelijibu pale pale, ila nyuma yake kulikuwa na mwanamume. Nilimsikia akimwambia mke wangu, "Taratibu, hakuna haraka, mwache afikiri." Mkufunzi! Sauti nzuri, ya upole. Halafu akanyamaza. Na alinyamaza kwa namna ninayoijua. Mtu akinyamaza vile, anasikiliza! Wote wawili walikuwa kimya upande wa kule, mke wangu na huyo mkufunzi, na mimi nikabana simu sikioni mpaka likauma, nipate kusikia anavyomsikiliza.

Mama Kidoti akaniita. Akauliza, "Upo? Nirudi au nibaki?"

Arudi, bila shaka! Arudi leo, arudi kwa miguu! Moyo wangu wote ulisema arudi. Nikatikisa kichwa. Kwa nguvu, mwendo mzuri kabisa, si mjusi wala si usingizi. Nikatikisa tena, nikiitazama simu.

Akasubiri. Akasubiri sana, maskini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, haya, amenielewa, ataandikisha mwaka mzima. Simu ikakatika.

Taratibu alikuwa mlangoni na ufagio. Akauliza shemeji anasemaje. Nikamwambia ni mambo ya mume na mke. Akaniambia kwa upole kwamba shemeji alishamdokezea lile swali, na anaweza kunipa simu yake nimpigie sasa hivi, bado kuna muda, niseme neno moja tu. Nikamkata jicho. Anataka namba ya mke wangu ibaki kwenye simu yake!

Sikupiga. Mwaka si mrefu. Huyo mkufunzi ndiye wa kushughulikia, na nimeshaanza kufikiri namna. Kwa upande wangu sina la kujilaumu. Ameongea tangu mwanzo hadi mwisho, na sikumkatiza hata mara moja.